Orodha ya Hoteli Niliyoichana

Wiki mbili baada ya sherehe ya kuniaga nilipostaafu, Lilian wa ofisini alinipigia simu. "Madam, ile orodha ya hoteli uliweka wapi? Kuna wageni wanakuja na hatuoni faili." Nikamwambia orodha haiko. Akadhani uzee umenivamia mara moja tu nilipotoka getini, akaanza kunieleza polepole kwamba lazima iko kwenye kabati la chuma, rafu ya chini, nyuma ya bahasha za mitihani. Haiko kwenye kabati la chuma. Niliichana kwa mikono yangu miwili, nikatumbukiza vipande kwenye choo cha shimo nyuma ya karakana, nikarudi ofisini nikanywa chai.

Basi Lilian, na wewe Brian unayekalia kiti changu sasa, nawaandikia hii badala ya orodha. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, kwa sababu ofisi ya malazi haijawahi kumpandisha mtu. Kazi yake ni moja tu. Mgeni wa chuo akija, alale mahali pazuri na aamke mzima. Hayo maneno matatu ya mwisho nilichelewa kuyaelewa, na ndiyo sababu naandika nikiwa na hasira. Msisome kwa kurukaruka.

Nilianzia Kitale, katika kampasi ndogo iliyopanga vyumba juu ya duka la mbegu. Msimu wa kupanda ukifika, ngazi zote zilijaa magunia na wanafunzi waliingia darasani na vumbi la dawa ya mahindi kwenye viatu. Siku yangu ya kwanza niliambiwa kwamba mtahini wa nje anakuja kutoka Nairobi, padri mwenye umri mkubwa, anataka kupumzika mchana kabla ya kikao. "Tafuta hoteli nzuri karibu na chuo." Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Nikatoka, nikatembea barabara nzima, nikachagua hoteli iliyokuwa na maua getini na mapazia mazito ya rangi ya zambarau. Nilijiona hodari sana.

Padri aliingia saa sita. Saa saba na robo mtu aligonga mlango wake kwa ngumi akipiga kelele: "Mzee, saa yako imeisha! Maliza, kuna watu wanangojea hapa nje!" Padri alifungua akiwa na kitabu chake cha sala mkononi. Nje kulikuwa na kijana na msichana wameshikana mikono, wakamwamkia kwa heshima, "Shikamoo Fatha," wakamwomba asisahau koti lake. Alikuja kunisimulia mwenyewe, na alivyokuwa mpole ndivyo nilivyozidi kutamani sakafu inimeze.

Aliyecheka mpaka akakaa chini ni Mzee Gichuki, dereva wetu. Familia yake ilikuwa imelima nje kidogo ya Kitale tangu baba yake, na yeye mwenyewe alikuwa ameendesha magari ya serikali, ya kanisa na ya chuo. Dereva hulala lojing'i nyingi kuliko mtu yeyote, na Mzee Gichuki hakuwa amesahau hata moja. Alipomaliza kucheka alifuta macho akaniambia, "Wewe Selina, uliingia na mlango ya mbele. Mlango ya mbele ni ya kudanganya watu. Kesho twende, tutaingia na ya nyuma."

Kesho yake tuliingia na ya nyuma. Alinionyesha tangi la maji, akapanda ngazi akafunua kifuniko, akaniambia ninuse. Alinionyesha kamba ya kuanikia. Hoteli ikisema ina vyumba ishirini na kamba ina mashuka manne tu, mashuka mengine bado yamelaliwa. Aliuliza wafanyakazi wanakula wapi mchana, tukaona mpishi wa hoteli mwenyewe ameketi kwenye kibanda cha mama mmoja ng'ambo ya barabara, anakula githeri. "Hapa tutalala," Mzee Gichuki akasema, "lakini kula, tutakula na huyu mpishi."

Kisha alinipeleka chumbani, akaketi kitandani, akaniambia niketi kwenye kiti na ninyamaze. Tukanyamaza kwa muda mrefu. Sikujua tunangoja nini. Baadaye nikaanza kusikia choo cha chumba cha pili, mashine ya posho ikisaga mahindi nyuma ya ukuta, na redio ya baa iliyokuwa chini yetu kabisa. Aliinuka, akafungua kila bomba, akanawa mikono kwa kila bomba, akajifutia kwenye suruali. "Kitu ya mgeni, gusa na mkono yako kwanza," akasema. Kumbukeni hilo. Mimi nililisahau, na mtaona gharama yake.

Eneo la chuo lina mambo yake, na haya hamtayakuta katika kozi yoyote ya hoteli. Msikague hoteli chuo kikiwa kimefungwa. Mimi nilifanya hivyo mwezi wa nane mmoja, nikapata nyumba tulivu yenye miti ya mparachichi, nikaiandika kwa wino mwekundu. Wanafunzi waliporudi nikagundua kwamba ile nyumba iliyojifunga kimya upande wa kushoto ilikuwa disko, na ile ya kulia ilikuwa kanisa linalofanya mazoezi ya kwaya kila jioni kwa vipaza sauti vinne. Wahadhiri wawili niliowapeleka pale walikutana na mimi asubuhi macho yamewaiva, hawakunisalimia. Maji nayo ni hivyo hivyo. Hoteli nyingi karibu na chuo huchota kisima kimoja na hosteli za wanafunzi, kwa hiyo Jumatatu asubuhi, wasichana mia wakiosha nywele kwa wakati mmoja, mgeni wako atabaki na sabuni usoni. Nendeni Jumatatu asubuhi, mfungue bomba, mwone.

Nilipokuwa na uzoefu kidogo, nikatengeneza fomu. Niliona ni aibu kazi nzima kukaa kwenye kichwa cha dereva. Fomu ilikuwa na mistari ishirini: usafi wa mashuka, kufuli ya mlango, maji ya moto, dirisha, umbali kutoka getini, kila mstari na alama zake. Hoteli iliyopata alama nyingi iliingia kwenye orodha. Nilimwonyesha Mzee Gichuki. Aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, akairudisha. "Ni nzuri," akasema. "Lakini fomu haina pua, Selina. Wewe uko nayo." Nilikasirika. Nilifikiri anaona wivu kwa sababu mimi nimesoma.

Kampasi ya Bungoma ilipokua, nikahamishiwa huko. Mzee Gichuki alinipa tochi yake kama zawadi ya kuagana. Alistaafu mwaka uliofuata na hakuishi sana baada ya hapo. Nashukuru hakuona nilichofanya Bungoma.

Bungoma nilikuta jambo lililoniudhi. Siku ya mahafali wazazi walikuwa wanakuja kutoka Bumula, kutoka Bokoli kwetu, kutoka Ndalu na kule mlimani, na kwa vile maandamano ya majoho huanza asubuhi na mapema, wengi walikuja siku iliyotangulia wakalala kwenye madawati, akina mama wazima wamejifunika leso. Wageni wa meza kuu walikuwa na hoteli. Wazazi walikuwa na madawati. Nilipigana vita hivyo miaka miwili, nikashinda. Orodha yangu ikaanza kubandikwa getini mwezi mzima kabla ya mahafali, na wanafunzi wakaipeleka nyumbani. Mzazi aliyeiona hakuuliza mara mbili. Alisema chuo kimesema, basi. Mimi ndiye nilikuwa chuo.

Hoteli nitakayowaambia habari zake mnaijua, lakini jina lake sitaliandika. Nitaiita Ya Kijani, kwa sababu ya mabati yake. Ilifunguliwa dakika kumi kwa miguu kutoka getini, ghorofa tatu, vigae vinang'aa. Mwenye hoteli alikuwa mtu mnene wa maneno matamu, ambaye kila mtu alimwita Mwenyekiti, ingawa sikuwahi kumpata mtu wa kuniambia alikuwa mwenyekiti wa nini. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Kalibu madam, kalibu sana. Hapa kwetu mgeni ni mfalme." Nilikuwa na hoteli tano za kukagua siku hiyo, nimevaa suti yangu mpya ya bluu, na niliingia na mlango wa mbele.

Kila kitu kilikuwa sawa. Mashuka meupe, kufuli nzuri, hakuna baa. Katika kila bafu kulikuwa na shawa ya umeme, ile inayochemsha maji papo hapo ukifungua bomba. Na chini ya kila shawa, ukutani, jozi ya malapa mapya ya mpira, ya bluu, yamepangwa sambamba. Sijawahi kuona hoteli ya mji wetu inayomfikiria mgeni mpaka miguuni. Mama Jeni, aliyekuwa akisafisha vyumba, alikuwa amesimama na ndoo yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, hizo malapa ni ya muhimu. Ambia wageni yenu wavae. Wasisahau, madam."

Nikamjibu, "Mmefunzwa vizuri sana hapa."

Aliniangalia, akaangalia mlango ambapo Mwenyekiti alikuwa amesimama, akainua ndoo yake akaenda. Mwenyekiti akacheka. "Hata miguu ya mgeni tunafikilia, madam."

Sikufungua ile shawa. Suti ilikuwa mpya. Niliketi ofisini jioni hiyo nikaongeza mstari wa ishirini na moja kwenye fomu yangu, kwa mkono, kwa mwandiko mzuri: malapa bafuni, alama tano. Ya Kijani ikapata tano kwa tano na kuwa ya kwanza kwenye orodha. Hoteli nyingine nilizikata alama kwa kukosa malapa. Mwenye nyumba moja ya wageni njia ya Bumula, mama mzee mwenye vyumba sita safi, alikuja ofisini kulalamika. "Sasa madam, nyumba yangu ni mzuri, maji iko, choo iko, unaninyima nafasi juu ya malapa? Malapa ni kitu gani bana?" Nikamweleza habari za viwango. Niliwaeleza watu wengi habari za viwango miaka ile.

Mwaka wa pili wa Ya Kijani kwenye orodha, alikuja Mama Metrine. Aliishi Ndalu, mjane, akilima mahindi na kukamua ng'ombe wawili, na kwa ng'ombe hao alikuwa amemsomesha binti yake Metrine mpaka shahada ya ualimu. Walifika ofisini kwangu alasiri, siku moja kabla ya mahafali, Metrine amebeba joho lake la kukodi kwenye mfuko wa nailoni, mama amebeba kuku wa kunipa. Nilimpenda huyo mama papo hapo. Nilifunga ofisi nikawapeleka Ya Kijani mwenyewe, mpaka chumba namba kumi na mbili, ghorofa ya kwanza.

Nilimwonyesha kila kitu kama vile nyumba ni yangu. Kitanda, taa, kufuli. Bafuni nikamwonyesha malapa. "Ona mama, mpaka viatu vya kuogea."

Akayaokota, akayageuza akaangalia chini yake. Hayakuwa na hata doa. "Hizi ni za nani?"

"Ni zako, mama. Za kutumia ukioga."

Akacheka akafunika mdomo. "Wacha mchezo. Kitu safi hivi?" Akayarudisha ukutani, akayapanga sawasawa kama alivyoyakuta, visigino vikigusa kigae. Mimi nikaona huo ni ustaarabu wa mama wa kwetu. Huku kwetu mtu aliyelelewa vizuri akipewa kitu kipya cha mwenyeji hakitumii, hukilinda. Ukimpa kikombe cha maua atanywea cha bati. Ukimpa taulo jeupe atajifutia leso yake. Mimi nimezaliwa Bokoli. Mama yangu angefanya vile vile. Nilijua kabisa kwamba hatayavaa, nikatabasamu, nikaenda zangu.

Asubuhi ya mahafali nilikuwa uwanjani nikifunga utepe kwenye viti vya meza kuu. Simu ikalia, ni Metrine, na sikuelewa neno hata moja. Nilikimbia na viatu vya visigino mpaka Ya Kijani. Nilikuta mama amelazwa kitandani, amefunikwa leso yake mwenyewe, macho wazi, anapumua kwa shida. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kwenye kiganja. Aliingia kuoga peku, akafungua bomba la shawa, umeme ukamshika na haukumwachia. Metrine alisikia kishindo, akapiga mayowe, na Mama Jeni ndiye aliyekimbia kwenye swichi kuu akaizima. Bila huyo mwanamke wa ndoo tungekuwa tumezika mtu.

Mama Jeni alikuwa ameketi kwenye ngazi akilia. Aliponiona alisimama. "Si nilikuambia, madam? Si nilikuambia wavae?"

"Wavae kwa nini?" nikamuuliza. "Mama Jeni, kwa nini?"

"Hiyo maji hushika watu. Sisi wote tunajua. Ukivaa malapa inakutetemesha tu kidogo unazoea. Mwenyekiti alisema fundi atakuja, tuweke malapa kwanza. Ni miaka mbili sasa."

Nilikaa chini pale kwenye ngazi. Malapa hayakuwa ukarimu. Yalikuwa badala ya waya wa kupeleka umeme ardhini. Nilikuwa nimeipa hoteli alama tano kwa sababu tu yenyewe ilijua kwamba bafu zake zinaua, na nilikuwa nimezikata alama nyumba ambazo hazikuhitaji malapa kwa sababu maji yake yalikuwa maji tu.

Tulimpeleka hospitali. Majina ya wahitimu yalisomwa mchana, na jina la Metrine likasomwa likapita, kiti chake kikiwa kitupu, kwa sababu alikuwa kwenye benchi la hospitali amekumbatia mfuko wa nailoni. Mama aliishi. Mkono wake wa kulia haujafunga tena.

Wiki iliyofuata tuliitwa na msajili wa kampasi wa wakati huo, mimi na Mwenyekiti. Nilikwenda nikijua kwamba hoteli itafungwa. Mwenyekiti aliketi, akaweka kofia yake mezani, akasema kwa masikitiko makubwa, "Malapa yalikuwepo. Huyo mama hakuvaa. Na madam mwenyewe alikagua, akayapa alama." Fomu yangu ikatolewa. Mwandiko wangu mzuri. Tano kwa tano. Sijawahi kuchukia mwandiko wa mtu kama nilivyouchukia wangu siku ile.

Nilisema yote aliyoniambia Mama Jeni. Mama Jeni alikuwa ameshafukuzwa, hakuwepo wa kuulizwa. Msajili alinisikiliza akizungusha kalamu. "Selina, tusikuze mambo. Huyu ndiye anatupatia hema ya mahafali kila mwaka. Atarekebisha." Wakaafikiana. Mnajua walichorekebisha? Walibandika karatasi kwenye kila bafu, iliyofunikwa plastiki, yenye herufi kubwa: MGENI MPENDWA, TAFADHALI VAA MALAPA UNAPOOGA. Hayo ndiyo yaliyotoka katika kikao. Niliandikia ofisi za kaunti. Mkaguzi akaja, lakini alipiga simu kwanza kusema anakuja, kwa hiyo siku hiyo shawa zote zilizimwa na wageni wakapewa maji ya ndoo. Akaandika kwamba hakuona tatizo. Aliingia na mlango wa mbele kama mimi, sina haki ya kumcheka.

Siku niliyopata nakala ya barua yake ndiyo siku niliyoichana orodha. Fomu zote, orodha, nakala, hata ile karatasi ya getini. Nikiulizwa orodha mpya iko wapi nilisema naiandaa. Nimeiandaa mpaka nikastaafu, na hakuna aliyejali, kwa hiyo mnaona ofisi yetu inavyothaminiwa. Tangu siku hiyo nilimpeleka kila mzazi mwenyewe, kwa miguu, hadi kwenye nyumba niliyoogea mimi kwanza. Mama wa njia ya Bumula nilimwomba msamaha, na vyumba vyake sita vimejaa kila mahafali. Nilinunua tesita kwa muuza vifaa vya umeme sokoni, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Ukigusisha ncha yake kwenye bomba, kidole kwenye kichwa cha mpini, na kitaa kikawaka, bomba lina umeme, toka. Usingoje maelezo. Msajili aliendelea kupeleka wageni wake Ya Kijani kwa simu, na mimi niliendelea kuwatoa kila nilipowakuta. Tulichukiana kwa adabu.

Nilikwenda Ndalu mvua zilipoanza baada ya mahafali yale. Nilibeba sukari na mikate, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa. Nilimkuta Metrine zizini akikamua, mwalimu mwenye shahada, kwa sababu mama yake hawezi tena kushika chuchu ya ng'ombe, na binti alikuwa amekataa kazi ya mbali ili amkamulie. Mama alitoka jikoni akanisalimia kwa mkono wa kushoto. Akanikalisha kwenye kiti kizuri, kisha akasema:

"Madam, nisamehe. Walinipa viatu, na mimi nikaacha kwa ukuta. Nilikuharibia kazi yako."

Nikamwambia hapana mama, shawa ilikuwa mbovu, walijua, viatu viliwekwa ili wasiite fundi. Nilimweleza mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Alitikisa kichwa kwa upole kila mara. "Lakini wenzangu walivaa, wakaoga, wakaenda sherehe. Ni mimi tu nilijifanya mshamba." Akaniambia nisilie. Akamwagiza Metrine amkamate kuku.

Sikulia kwa huzuni, nataka mjue hivyo. Nililia kwa hasira, mpaka meno yaliniuma. Mtu amemharibu mama huyu mkono, na ameweza kumfanya yeye mama ndiye aombe msamaha. Na mimi nilimsaidia kwa fomu.

Sasa tufike kwenye sherehe yenu ya kuniaga. Lilian, najua hukujua. Mlikuwa watoto wa sekondari mambo haya yalipotokea, na mliponiambia kwamba mmepata ukumbi mzuri karibu na chuo, wenye hema na spika, mlifurahi mno hata sikuuliza ni wapi. Niligundua gari lilipokata kona nikaona mabati. Yamepakwa rangi upya, bado ya kijani. Brian alikuwa ameagiza keki yenye picha ya kitanda juu yake. Nilicheka, ilikuwa keki nzuri. Mlipokuwa mnapiga picha nje, nilimwomba msichana wa mapokezi ufunguo wa namba kumi na mbili, nikamwambia nataka kubadilisha viatu.

Karatasi ya plastiki ipo, imegeuka ya njano. Malapa yapo, mapya, na sasa yana jina la hoteli limechapishwa juu. Nikatoa tesita kwenye mkoba, nikagusa bomba. Kikawaka.

Nilishuka na malapa mkononi. Mlikuwa mmeshaketi. Mwenyekiti, ambaye msajili mpya alimkaribisha meza kuu kama rafiki wa chuo, alikuwa ameshika maikrofoni akinisifu, kwamba Madam Selina ndiye aliyeiweka hoteli hii kwenye ramani. Akanipa maikrofoni kwa mikono miwili. Nilikuwa na hotuba, Lilian uliichapa wewe. Nikayaweka malapa kwenye kitambaa cheupe cha meza, kando ya keki, mbele yake. Nikasema:

"Mwenyekiti, namba kumi na mbili iko wazi, maji yapo. Vua viatu na soksi, uende ukaoge. Malapa haya nitakushikia mimi."

Ukumbi mzima ukacheka. Mlidhani ni utani wa wazee. Msajili akacheka, wapishi wakacheka. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliangalia malapa, akaangalia viatu vyake vya ngozi, akavirudisha chini ya kiti.

Hiyo ndiyo orodha yangu, na sina nyingine. Tesita niliirudisha asubuhi iliyofuata kwenye droo ya juu ya meza ya Brian, na tochi ya Mzee Gichuki iko kando yake. Mkiletewa hoteli mpya, ingieni na mlango wa nyuma, mwiteni mwenye hoteli, mmwombe aoge peku mbele ya fundi wenu kabla mama wa mtu yeyote hajaoga.

Lilian, uliniuliza kwenye simu kama nilikuwa natania siku ile. Sikuwa natania. Niliyaokota yale malapa, nikasimama nayo mbele yake, nikamngoja, mpaka mkaanzisha wimbo na kunivuta nikate keki. Bado hajavua.